Ushuru wa huduma kwa makandarasi wa serikali: unaudai vipi kabla greda halijapakiwa

Mwaka wangu wa kwanza kitengo cha mapato kwenye halmashauri moja ya wilaya, sitaitaja, kila Jumatatu nilikuwa napita na bodaboda kwenda mnadani kukusanya ushuru wa mifugo, na njiani kulikuwa na mradi wa maji, tenki linajengwa juu ya kilima, mitaro ya bomba imechimbwa, mafundi wengi, pikapu nyeupe mbili tatu. Mimi napita tu. Akili yangu yote iko kwenye ng'ombe. Nakuja kushtuka baada ya miezi kadhaa, nikasema leo nisimame nimwone mkandarasi, nikakuta mlinzi mmoja, mbuzi wamefungwa kivulini kwenye tenki, na lile bango la mradi limeng'olewa. Nikauliza kampuni iko wapi, mzee akanijibu "wameondoka na masika". Simu ya kwenye barua haipatikani, anuani ni sanduku la posta Dar. Na hela yote walikuwa wameshalipwa. Mwaka uliofuata mkaguzi akaja akaandika hoja, na nani aliyeitwa kujibu? Mimi wa mnadani.

Kwa hiyo haya ninayoandika ni kwa maafisa mapato wenzangu, maafisa biashara, na watendaji wa kata ambao mnatumwa "nendeni mkadai ushuru kwa mkandarasi" bila kuambiwa mnaanzia wapi. Nazungumzia Tanzania bara, Zanzibar wana utaratibu wao.

Kitu kikubwa ni kimoja. Mkandarasi wa serikali ni tofauti na mwenye duka. Mwenye duka yupo kesho na keshokutwa, mauzo yake huyajui ila mlango wake unaujua. Mkandarasi ni kinyume kabisa, mauzo yake unaweza kuyajua mpaka senti ya mwisho maana yote yameandikwa kwenye mkataba na anayemlipa ni serikali, ila mlango wake una magurudumu. Sasa watu wengi wanahangaika na mlango, wanamkimbiza saiti, wanazuia malori ya kokoto, wanagombana na foremani ambaye hata hana mamlaka ya kununua kalamu. Acha hiyo. Jua hela yake inapita wapi na lini, alafu uwe umeshakaa hapo kabla haijapita.

Tuanze na sheria kidogo maana utaulizwa. Ushuru wa huduma, ambao wengi tunauita sevisi levi, upo kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, Sura ya 290. Ukiwa jiji, manispaa au mji unasimamia kifungu cha 6(1)(u), ukiwa halmashauri ya wilaya ni kifungu cha 7(1)(z). Wanaolipa ni kampuni na mtu yeyote anayefanya biashara kwa leseni. Kiwango kilichozoeleka kwa miaka mingi kilikuwa kisichozidi asilimia 0.3 ya mauzo ukishatoa VAT na ushuru wa bidhaa. Ila jamani, Sheria ya Fedha inapita bungeni kila mwaka na hii Sura ya 290 huwa inaguswa guswa, kwa hiyo Julai ikianza tu fungua uone kiwango, na kazi iliyofanyika kipindi cha nyuma ipigie kwa kiwango cha kipindi hicho. Hesabu zangu hapa chini nimetumia 0.3 ili tuelewane njia.

Na sheria mama peke yake haitoshi, uwe na sheria ndogo ya halmashauri yako iliyotoka kwenye Gazeti la Serikali, na namba yake ya tangazo uijue kwa kichwa. Nimeona afisa anaandika barua ya madai nzuri, imepigwa muhuri, alafu mwanasheria wa kampuni anauliza swali moja tu, "sheria ndogo yenu ni tangazo namba ngapi?", ofisi nzima wanaanza kufungua makabati. Ukishaonekana hujui unachosimamia basi hata ile hela ya halali utaipata kwa kubembeleza.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza ujue miradi. Hapa ndo uvivu wetu ulipo, kwa sababu taarifa zipo nyingi tu ila hazitembei zenyewe kuja ofisini kwako. Kwenye wilaya ya kawaida kuna TARURA na barabara zao, TANROADS na barabara kuu na za mkoa, RUWASA na maji vijijini, REA na nguzo za umeme, alafu kuna miradi ya halmashauri yenyewe, shule, vituo vya afya, majengo ya utawala. Kila mmoja hapo ana mkandarasi, na mara nyingi ana mhandisi mshauri ambaye kila mtu anamsahau. Yule mshauri naye ni kampuni, naye analipwa, naye anadaiwa.

Wapi utapata majina? Mfumo wa NeST, ambao manunuzi ya serikali yalihamia huko mwaka 2023 yakatoka kwenye TANePS, unaonyesha tenda zilizotolewa na nani kashinda. Kaa na mtu wa kitengo cha ununuzi nusu saa tu kwa mwezi. Cha pili ni vikao. Kwenye kikao cha Bodi ya Barabara ya Mkoa, TANROADS na TARURA wanasoma taarifa yenye jina la mkandarasi, kiasi cha mkataba, asilimia ya utekelezaji na hela iliyolipwa mpaka siku hiyo. Lile kabrasha linagawiwa kwa wajumbe, na Mkurugenzi wako analo, lipo juu ya kabati linakula vumbi. Liombe. Kikao cha Kamati ya Ushauri ya Wilaya hivyo hivyo. Alafu kuna Mwenge. Msicheke. Mwenge ukikaribia kila mradi unaandikiwa taarifa safi kuliko wakati wowote mwingine, gharama, mkandarasi, tarehe ya kuanza na kumaliza, kwa sababu kiongozi wa mbio huwa anauliza mpaka bei ya kitasa. Mimi nakala za taarifa za Mwenge nazitunza kama cheti cha ndoa.

Na cha mwisho ni mtendaji wa kata. Mpe maelekezo mepesi tu, akiona bango la mradi limesimikwa kwenye kata yake apige picha atume Whatsapp. Bango lina jina la mteja, mkandarasi, mshauri, na mara nyingi chanzo cha fedha. Picha moja inakuokolea wiki.

Hayo yote yaingize kwenye rejista moja. Exceli inatosha, hata daftari la kaunta linatosha kama wewe ni mtu wa daftari. Mimi naandika jina la kampuni, TIN, mwajiri ni nani, namba ya mkataba, kiasi bila VAT, tarehe ya kuanza na kumaliza, alafu naacha nafasi ndefu ya hati za malipo, moja moja na tarehe zake. Hiyo nafasi ndefu ndo roho ya rejista.

Kwa nini hati za malipo? Mkandarasi halipwi kwa mwezi kama mimi na wewe. Anafanya kazi, mhandisi anapima, inatoka hati ya malipo, ile watu wa saiti wanaita setifiketi au IPC, inapelekwa kwa mwajiri, ikipita ndo hela inatoka. Mkataba mmoja unaweza kuwa na hati tano, nane, kumi na kitu. Kila hati ni mlango unafunguka na kufungwa. Ukijua hati namba tatu imesainiwa wiki hii, unapeleka bili wiki hii. Ukisubiri mradi uishe uje udai yote kwa mpigo utamkuta yule mzee na mbuzi wake.

Ili ujue hati imesainiwa lini inabidi uwe na mtu. Na hapa naomba nieleweke, sisemi ukapenyeze rushwa kwa mhasibu wa taasisi, nasema Mkurugenzi aandike barua rasmi kwa Meneja wa TARURA wilaya, Meneja wa TANROADS mkoa, Meneja wa RUWASA, kuomba orodha ya mikataba na taarifa ya malipo kila robo mwaka, alafu wewe mwenyewe uende na nakala ya hiyo barua ukasalimie. Barua peke yake itakaa kwenye trei. Ukienda ukakaa, ukaeleza kwamba huombi hela yao bali unaomba kujua tu nani kalipwa nini ndani ya wilaya yako, wengi wanakupa. Hawa watu wote ni serikali hiyo hiyo, wana watoto kwenye shule za halmashauri hiyo hiyo. Na wakumbushe kitu ambacho hata wao wanakisahau, kwamba asilimia 10 ya mapato ya ndani inaenda kwenye mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa hiyo hiyo levi ya barabara inaweza kuishia kuwa cherehani ya mama fulani kijijini pale pale barabara inapopita.

Kwa miradi ambayo mwajiri ni halmashauri yenyewe huna kisingizio kabisa. Mkataba umesainiwa ndani ya jengo lako, malipo yanapita kwenye MUSE, ule mfumo wa malipo wa serikali, kwa mweka hazina wako, yaani hela inapita sebuleni kwenu alafu unaenda kuitafuta barabarani. Cha kufanya ni kuongea na kitengo cha ununuzi na mwanasheria mapema, wakati makabrasha ya zabuni yanaandaliwa, muweke kwenye masharti maalum ya mkataba kwamba mkandarasi atalipa ushuru wa huduma kwa kila hati na ataambatanisha risiti kabla ya hati inayofuata, au kwamba anaridhia halmashauri ikate moja kwa moja. Ikishakuwa kwenye mkataba aliousaini hakuna mjadala. Ila kukata kienyeji tu bila kipengele chochote, kwa sababu mweka hazina kaamka vibaya, hiyo inaleta kesi, na mara nyingine mkandarasi anakuwa na haki.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa watu wanaharibu sana. Chukua mkataba wa Sh 2,360,000,000 ukiwa na VAT ndani. Afisa mwenye haraka anapiga 0.3 juu ya hiyo yote anapata 7,080,000. Makosa. VAT ni asilimia 18, kwa hiyo gawanya kwa 1.18, unabaki na 2,000,000,000, alafu piga 0.3 unapata 6,000,000. Ile 1,080,000 ya juu ulikuwa unamdai hela ambayo haipo kisheria, na mhasibu wa kampuni akiiona hiyo anajua kabisa anacheza na nani. Na kinyume chake pia kipo, mkataba haukuwa na VAT kabisa, labda mkandarasi ni mdogo hajasajiliwa au mradi umepewa msamaha wa VAT, wewe kwa mazoea unagawanya kwa 1.18, unajipunja mwenyewe. Soma ukurasa wa mwisho wa BOQ, ile orodha ya kazi na bei zake kwenye mkataba, pale kwenye majumlisho, utaona kama mstari wa VAT upo.

Unapodai kwa hati ni hivyo hivyo. Hati ya Sh 590,000,000 na VAT yake, bila VAT ni 500,000,000, ushuru ni 1,500,000. Ila angalia mitego mitatu.

Malipo ya awali. Mkandarasi anapewa kiasi mwanzoni ahamishe mitambo, ajenge kambi, na hicho kiasi kinakuja kukatwa kidogo kidogo kwenye hati zinazofuata. Ukimtoza kwenye malipo ya awali, alafu ukamtoza tena kwenye thamani yote ya kazi ya kila hati, umemtoza mara mbili hela moja. Mimi malipo ya awali siyagusi, natoza thamani ya kazi iliyopimwa kabla ya makato ya kurudisha advansi. Mwisho wa siku jumla inakuwa sawa na mkataba.

Mtego wa pili ni kodi ya zuio. Mkandarasi atakuja na stetimenti ya benki, anasema "bosi mimi nimepokea kiasi hiki tu, TRA washakata chao". Kodi ya zuio ni kodi yake ya mapato anayolipa mapema, haipunguzi mauzo. Mauzo ni kile kilichoandikwa kwenye hati. Mweleze taratibu, wengi hawabishi kwa ubaya, wanachanganya tu, na wengine wanaamini kabisa kwamba wakishakatwa na TRA wamemaliza kila kitu na kila mtu. TRA ni TRA, halmashauri ni halmashauri.

Wa tatu ni ritenshen, ile hela inayoshikiliwa mpaka kipindi cha matazamio kiishe, yaani muda wa kuangalia kasoro baada ya mradi kukabidhiwa. Unaweza kuitoza mapema au ikitoka, mimi naona itoze ikitoka, kwa sababu kumdai mtu levi ya hela iliyoshikiliwa mwaka mzima ni kutafuta ugomvi bure. Ila sharti uiandike kwenye rejista, la sivyo utaisahau.

Haya, umeshapiga hesabu. Andika bili. Barua iwe fupi, kifungu cha sheria, namba ya tangazo la sheria ndogo, namba ya mkataba, namba ya hati, thamani bila VAT, kiwango, jumla. Weka mchanganuo wenyewe ndani ya barua maana mhasibu wa kampuni anahitaji karatasi ya kumpelekea mkurugenzi wake, ukimpa namba kavu tu unampa sababu ya kuuliza maswali wiki mbili. Alafu toa kontrol namba kwenye mfumo. Siku hizi ni TAUSI, wazee wenzangu wa LGRCIS, ule mfumo wa zamani, mnajua tulikotoka. Angalia kontrol namba ina tarehe ya kuisha, ikiisha kabla hajalipa toa nyingine mara moja, usimwache anahangaika benki anaambiwa namba haipo alafu anakata tamaa. Analipa benki au kwa simu, risiti inatoka kwenye mfumo, mmemaliza. Hela mkononi usishike. Hata akisema yuko mbali na benki, hata akisema ni elfu hamsini tu, hata ya soda. Nimeona kijana mzuri kabisa amepoteza kazi kwa hela ambayo haikufika laki mbili.

Bili unampelekea nani? Siyo foremani. Saiti kuna meneja wa mradi au injinia wa kampuni, mpe nakala asaini kupokea, alafu tuma nyingine kwa barua pepe ya makao makuu, na nakala kwa mwajiri. Ile nakala kwa mwajiri ina nguvu kuliko polisi. Mkandarasi yeyote anataka aonekane hana madoa mbele ya TANROADS au TARURA kwa sababu kesho anaomba tenda nyingine.

Sasa kuna jibu moja utalisikia mpaka uliote usiku. "Mkuu, sisi tunalipa makao makuu Dar." Hili ni la kweli na la uongo kwa wakati mmoja. Kampuni nyingi leseni zao na ofisi zao ziko Dar, Dodoma, Mwanza, na huko halmashauri za huko zinawadai kwa mauzo yao yote ya mwaka. Sheria kwa upande wa matawi inataka tawi lilipe pale lilipo kwa mauzo ya pale. Mkandarasi anakuambia saiti siyo tawi, wewe unamwambia una kambi, una ofisi, una wafanyakazi mia, umekaa hapa miaka miwili, hiyo ni nini kama siyo tawi? Mabishano yapo na yataendelea kuwepo. Mimi ninavyofanya, simwambii "mwongo". Namwambia kaka, au dada maana wahasibu wengi wa hizi kampuni ni akina dada na ni makini hatari, nionyeshe risiti ya huko uliyolipia, na mchanganuo unaoonyesha kwamba mauzo ya mradi huu wa kwetu yamo ndani yake. Hapo mambo mawili hutokea. Ama analeta kweli, na huyo kumtoza tena ni dhuluma, kinachobaki ni wakurugenzi wa halmashauri mbili kuandikiana, na kuanzia hati inayofuata mauzo ya mradi yalipiwe kwako na yatolewe kwenye ritani, yaani taarifa ya mauzo, ya kule. Ama anakaa kimya. Na kwa uzoefu wangu wanaokaa kimya ni wengi, yaani Dar hajalipa, kwako hajalipa, alikuwa anawategesha nyie wawili kila mmoja adhani mwenzake kakula.

Ndo maana mahali pazuri pa kumaliza hili ni kikao cha kukabidhi saiti, kabla hata jembe la kwanza halijapigwa. Mwajiri anamwita mkandarasi, mshauri, viongozi wa kijiji, wakati mwingine diwani. Omba ualikwe. Simama dakika tano, jitambulishe, sema hapa levi ya mradi inalipwa halmashauri hii, kila hati, bili itakuja kwa fulani, mawasiliano ni haya. Muhtasari wa kikao ukishaandikwa una ushahidi. Nimewahi kudai mradi mzima bila kelele kwa sababu ya mstari mmoja kwenye muhtasari wa namna hiyo.

Barabara inayopita wilaya mbili nayo ina utamu wake. Watu wanagawa kwa kilomita, barabara ya kilomita 40, kwangu 25 kwako 15, tumemaliza. Sasa kama daraja kubwa liko kwenye zile 15 za jirani, hela nyingi iko kule, kilomita hazisemi kitu. Gawaneni kwa BOQ, mhandisi anaweza kuwatolea thamani ya kazi kwa kila sehemu. Na mkae mkubaliane kwanza nyie halmashauri mbili ndo mwende kwa mkandarasi, siyo kila mmoja anapeleka bili ya mradi mzima, mnamfanya aonekane yeye ndo ameonewa, na kweli ameonewa.

Sabukontrakta je? Sheria inaangalia mauzo ya kila mmoja, mkubwa ana mauzo yake na mdogo ana mauzo yake, kwa hiyo kampuni iliyopewa kazi ya makaravati au ya umeme ndani ya jengo nayo inadaiwa kwa kile ilicholipwa. Muulize mkandarasi mkuu orodha yao. Ila mafundi wa kijijini wa force akaunti, wale waliopewa kujenga darasa mbili kwa nguvu kazi, hebu waacheni. Wengi ni fundi na wasaidizi wake wanne, hana kampuni, hana leseni, na muda utakaotumia kumfuata ungekuwa umeshapata hati ya mtu wa lami. Aliyeuza saruji na bati kwenye huo mradi ni mwenye duka la hadiwea, na huyo mauzo yake yanadaiwa dukani kwake kama kawaida, usimtoze mara ya pili kwa jina la mradi.

Wazabuni wengine pia msiwaruke, kampuni ya ulinzi inayolinda ofisi za serikali, ya usafi wa hospitali ya wilaya, anayepeleka mahindi na maharage sekondari za bweni. Njia ni ile ile, ujue nani anamlipa na lini.

Kuna mkandarasi atakuja na barua ya msamaha, hasa miradi ya wafadhili na kampuni za nje. Usikatae kwa hasira na usikubali kwa woga. Omba tangazo la Gazeti la Serikali au kipengele cha mkataba chenyewe, mpe mwanasheria asome kama kweli kinataja ushuru wa serikali za mitaa au kinataja VAT na ushuru wa forodha tu. Kusamehewa kimoja siyo kusamehewa vyote. Na msichanganye na mrabaha wa mchanga na mawe, ule wa Tume ya Madini, una njia zake, mtu akikuonyesha risiti ya mrabaha hajalipa levi yako.

Alafu kuna hili ambalo maafisa wenzangu hawapendi nikilisema. Serikali yenyewe inachelewa kuwalipa hawa watu. Hati imesainiwa, inakaa miezi, mkandarasi ana mkopo wa benki, ana mishahara ya vibarua, wewe unaingia na barua nyekundu ya siku saba. Kwa mtu ambaye hajalipwa mimi napeleka bili ili awe na taarifa, nakubaliana naye kwa maandishi kwamba atalipa ndani ya siku kadhaa baada ya hela kuingia, alafu namfuatilia mwajiri siyo yeye. Kisheria unaweza kuwa na haki ya kumbana, lakini unambana achukue wapi? Na mkandarasi uliyemwelewa kipindi kigumu ndo anakupigia simu mwenyewe siku hela imeingia, nimeshapigiwa saa tatu usiku, "afande nitumie namba". Ananiita afande, sijui kwa nini.

Yule mwenye uwezo anayekwepa makusudi ndo wa kubanwa. Barua ya kwanza, ya pili ya kumbukumbu, ya tatu inatoka kwa mwanasheria wa halmashauri ikiwa na kusudio la kushtaki, zote na nakala kwa mwajiri. Mahakamani ushahidi wako ni rejista, bili zilizosainiwa kupokelewa na muhtasari wa kikao. Msifunge saiti kwa minyororo. Ukisimamisha mradi wa maji wa wananchi kwa ajili ya milioni moja na nusu, kesho yake Mkuu wa Wilaya anakuuliza wewe, siyo mkandarasi.

Na kama wewe ni mkandarasi umesoma mpaka hapa, weka hiyo asilimia kwenye bei yako unapojaza tenda, tunza risiti kwa kila mradi peke yake, na ukimaliza kulipa omba barua ya halmashauri inayothibitisha kwamba hudaiwi. Siku halmashauri ya makao makuu ikikuletea madai ya mauzo yote ya mwaka, hiyo barua utaibusu.

Mradi ukishakabidhiwa bado ritenshen ipo nje, inatoka kipindi cha matazamio kikiisha, mara nyingi ni mwaka, na hapo kila mtu ameshasahau, foremani kahamia mkoa mwingine, hata meneja wa TARURA kahamishwa. Kwenye ukuta wangu kuna kalenda kubwa ya bure ya benki, nazungushia kwa kalamu nyekundu tarehe ya ritenshen ya kila mradi na jina la kampuni pembeni. Mwezi huu nina miduara miwili, wa tarehe 14 nimeshapeleka bili.